Ngoma Iliyokuwa Nyuma

Jonathan alifika dukani kwa Suzana Jumanne saa nne asubuhi, amebana kwapani bahasha ya kaki ambayo hakukubali kuiweka mezani mpaka aifute meza kwanza kwa mkono wa shati lake. Suzana alimtazama tu. Kwa miaka aliyotengeneza kompyuta pale Igogo, mjini Mwanza, kati ya muuza nyavu na mama mmoja mkaanga sangara, alikuwa amezoea wateja wanaomletea mashine zilizojaa mende kisha wakamwomba yeye ndiye asizichafue.

"Dada, nina diski moja hapa," Jonathan alisema. "Ni ya mzee. Nataka uniwekee kwenye flashi. Kikundi chetu cha ngoma kinashindana mwezi wa sita, na vijana wanataka kuona wazee walivyocheza. Zile VCD za zamani zimekwisha kwa mikwaruzo."

"Ngoma gani?"

"Wagalu, wa Misungwi. Mzee Ndalahwa ndiye baba yangu. Labda umemsikia."

Suzana alikuwa amemsikia. Alikuwa amemsikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na kama angepewa nafasi ya kuchagua, asingemsikia tena.

Kwa Wasukuma ngoma haishindaniwi kwa zamu. Wagalu wanaweka duara lao upande huu wa uwanja, Wagika, wapinzani wao, upande ule, wanapiga wote kwa wakati mmoja, na jaji mwenye kalamu hayupo. Jaji ni miguu ya watazamaji. Watu wanahama wanavyopenda kutoka duara hili kwenda lile, na jua likielekea kuzama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Ni mashindano ya haki na ya kikatili, maana mtu anaona kwa macho yake anavyoachwa.

Mwaka 2009 Wagalu wa Misungwi waliachwa. Manju wao, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa Ndalahwa, na mpiga ngoma kubwa alikuwa Chenge. Hao wawili walikuwa marafiki tangu enzi za kuchunga. Jioni ile watu walipoanza kuhama, Chenge alionekana akiivaa ngoma yake kifuani, akatoka nayo nje ya duara, akapotelea kwenye vumbi. Wagika waliposhangilia ushindi, Ndalahwa alitangaza palepale uwanjani kwamba ameuzwa na mwenziwe. Chenge alijibu kwa maneno machache: "Nilipiga mpaka mwisho. Nilikuwa nyuma." Watu walicheka. Nyuma ndiko wanakokaa waoga. Mpaka leo ukimtuma mtoto wa kule akachelewa, akirudi atakuambia alikuwa nyuma na ngoma ya Chenge.

Chenge ni baba yake Suzana. Jonathan hakulijua hilo, na Suzana hakuona sababu ya kumwambia kabla hajaona kilichomo ndani ya bahasha.

Huenda maneno yale ya uwanjani yangepoa yenyewe, kama yanavyopoa maneno mengi, lakini mwaka mmoja baadaye ushahidi ulikuja kwa posta. Siku ya mashindano alikuwepo mhadhiri mmoja wa muziki, Dk. Kokushubira, Mhaya wa Kagera aliyekuwa akisomea ng'ambo. Alisimamisha mlingoti wenye maikrofoni tano mbele ya duara la Wagalu, na kamera moja, akarekodi kutwa nzima. Ahadi yake ya kutuma DVD ya saa ya mwisho ya mashindano aliitimiza, jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi. Ndalahwa akaipeleka DVD ile kwa fundi wa studio mjini, akatolewa VCD arobaini, zikagawanywa kwa kikundi kizima, na ile ya asili akaifungia kwenye sanduku lake la nguo.

Kwenye VCD zile kila mtu aliona, na akasikia. Dakika ya arobaini na moja Chenge anatoka kwenye picha na ngoma yake, na ngoma inafifia mpaka inakwisha kabisa. Ndalahwa anabaki akiimba peke yake dakika mbili nzima, jasho linamtiririka, kisha naye ananyamaza. Akina mama walikuwa wakilia wakifika pale. Hata waliokuwepo uwanjani na kudai kwamba walimwona Chenge akipiga nyuma ya umati, walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe. Kitu kikishaonekana kwenye luninga, nani atabishana nacho?

Chenge akatolewa kikundini. Mwaka 2015 mkewe, Rose, alifariki. Rose alicheza na Wagalu tangu usichana wake, na kwa kikundi kile mwenzao akifa huzikwa kwa ngoma hata kama mvua inanyesha. Hakuna aliyeileta ngoma. Aliimbiwa na kwaya ya kanisa, nyimbo tatu, basi. Suzana alisimama kaburini akitazama barabara, akidhani labda wamechelewa. Hilo hakuwahi kulisamehe. Na sasa baba yake alikuwa na miaka sabini na sita, amemhamishia kwake Kiseke, moyo umepanuka, na daktari akaanza kuzungumza naye kwa ule upole unaotisha. Suzana alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani, nalo ni kwamba asimzike baba yake kimya kama walivyomzika mama.

Alifungua bahasha. Juu ya diski kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino mweusi, mzuri, wa mtu aliyesoma: *Misungwi 2009. Sauti 5.1.*

Aliyasoma maandishi yale mara mbili. VCD ile alikuwa ameiona zaidi ya mara ishirini, na diski ya asili hakuwahi kuiona hata siku moja. VCD hubeba sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Hii ilikuwa na sita: tatu za mbele, mbili za nyuma, na ile nzito ya sabufa. Yule fundi wa studio alichukua mbili za mbele akaridhika, kwa sababu zilitoa sauti, na sauti ndiyo aliyoombwa. Zilizobaki aliziacha. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Niachie mpaka Ijumaa," Suzana alisema.

"Kunakili tu, dada?"

"Diski ya zamani haitaki haraka."

Ulikuwa ukweli kidogo na uongo kidogo, na ulitosha.

Alianza kazi Jumatano. Aliiweka diski kwenye kompyuta yake ya mezani, moja kati ya chache pale mtaani zenye mlango wa DVD unaofanya kazi, akachomeka spika zake mbili za kila siku. Ilikuwa VCD ileile. Dakika ya arobaini na moja ngoma ilififia, ikaisha. Lakini Suzana ni fundi, na fundi haamini kompyuta mpaka ameihoji mara tatu.

Nyumbani alikuwa na redio kubwa ya spika tano na sabufa, aliyoinunua kwa mwalimu Kamugisha alipohamia Bukoba. Aliileta dukani kwa bajaji. Akaweka kiti katikati, spika tatu mbele yake, mbili nyuma juu ya makabati, sabufa sakafuni. Akaunganisha kwa waya wa kawaida, ule wa tundu la kijani. Spika zote tano zikalia kwa pamoja, duka likatikisika, na muuza nyavu wa jirani akapiga makofi. Wateja wake wengi wangeishia hapo na kumshukuru Mungu. Mjini Mwanza, spika zote zikipiga kelele, watu wanasema sauti imezunguka.

Suzana akaenda kutega sikio kwenye spika ya nyuma. Ndani yake aliimba Ndalahwa, vilevile kama alivyoimba mbele. Spika za nyuma zilikuwa zinanakili za mbele, kama mwanafunzi mvivu anavyomchungulia jirani yake. Waya ule ulibeba sauti mbili, na redio ikazigawa kwa spika zote tano ili kumfurahisha mwenye nyumba.

Nyuma ya kompyuta kuna tundu dogo la mraba, lenye kifuniko, na ndani yake kuna mwanga mwekundu. Watu wengi wanamiliki kompyuta miaka kumi bila kujua lina kazi gani. Linatoa sauti ya kidijitali kama ilivyo, bila kompyuta kuigusa, ili redio kubwa ndiyo iifungue yenyewe. Suzana akachomeka waya wa mwanga. Kwenye kioo cha redio zikatokea namba: 2.0. Mbili tena. Ile programu ya kuchezea DVD ilikuwa inazichanganya sauti zote sita kuwa mbili kabla haijazituma, tena inazichanganya vibaya, za nyuma inazitupa. Akaingia kwenye mipangilio yake, akaiambia iache umbea, ipeleke sauti ilivyoikuta.

Kilichotoka kilikuwa mvumo mkali wa kutisha, sauti ya mafuta ya moto yaliyotupiwa samaki mbichi. Mama mkaanga sangara mwenyewe alichungulia mlangoni.

"Suzana, umeunguza nini?"

"Bado, mama. Ndiyo naunguza."

Hiyo ilimchukua kutwa nzima. Programu ilikuwa inatuma vizuri, lakini kompyuta yenyewe ilidhani imeletewa muziki wa kawaida, ikajaribu kuurekebisha, ikaukoroga. Ilibidi aingie mahali pengine tena, kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta yote, aiambie kwamba kule upande wa pili kuna mashine inayoelewa lugha hiyo, kwa hiyo yenyewe ikae pembeni na isiguse hata kiwango cha sauti. Alizima. Akawasha. Alhamisi saa tisa alasiri namba za kwenye kioo zikabadilika: 5.1. Spika zikawa kimya kwa sekunde moja, kisha uwanja wa Misungwi ukafunguka ndani ya duka.

Suzana akakaa kwenye kiti. Mbele yake Ndalahwa aliimba, na ngoma ya baba yake ilipiga karibu sana, kushoto. Nyuma yake kulikuwa na watu, maelfu ya watu, kikohozi, mtoto analia, mwanamke anacheka, na mbali zaidi, ngoma za Wagika. Dakika ya arobaini na moja baba yake alitoka kwenye picha. Ngoma haikufifia. Ilisogea. Ilipita bega lake la kushoto, ikazunguka, ikaenda nyuma kabisa, na kule ikaendelea, pigo lilelile, mkono uleule.

Alikuwa nyuma. Kama alivyosema.

Suzana alilia. Hakulia sana, maana mlangoni palikuwa na mteja aliyesimama na kompyuta mkononi, lakini alilia. Kisha akarudisha dakika ile akaisikiliza tena, na tena, mara kumi au zaidi, akiifuata ngoma tu. Alisikia alichokuwa anakitafuta, kama tunavyofanya sisi sote, na mengine yakampita.

Ijumaa Jonathan alikuja na flashi yake. Suzana alimrudishia diski ndani ya bahasha.

"Sijanakili. Mimi ni Suzana Chenge."

Jonathan alisimama akiwa ameishika bahasha, hajui aiweke wapi.

"Diski ni yenu, sijaizuia," Suzana aliendelea. "Lakini kuna sauti humu ambazo hamjawahi kuzisikia. Mlete mzee akae kwenye kiti kile. Akishasikiliza, nitanakili zozote mnazotaka."

"Dada, mzee wangu hawezi kukanyaga hapa akijua wewe ni nani."

"Basi usimwambie."

Jonathan alimwambia, kwa sababu alilelewa vizuri. Na mzee akaja, kwa sababu alikuwa na hakika.

Walifika Jumamosi asubuhi. Ndalahwa alikuwa amevaa kofia nyeupe na koti, akitembelea fimbo, mrefu bado, na kifua kile cha kuimbia hakikuwa kimepungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Chenge kweli. Lakini paji la uso ni la Rose." Alikiangalia kiti, akaziangalia spika zilizokizunguka. "Na hivi vidude vya nyuma ni vya nini?"

"Ni vya nyuma, mzee."

Ndalahwa alikaa, akaisimika fimbo katikati ya magoti.

Suzana alianzia dakika ya thelathini na nane. Kwenye kioo alitokea Ndalahwa wa miaka kumi na minne iliyopita, na yule wa kwenye kiti akaanza kuchezesha midomo pamoja naye. Alikuwa anafurahi. Mtu akiona ujana wake unaimba, atafurahi tu, hata kama amekuja kwa shari. Chenge alipoivaa ngoma, mzee alimgeukia mwanawe.

"Unaona? Huyo anaondoka."

Ngoma ikampita sikioni.

Ndalahwa aligeuza kichwa. Akageuza na mabega. Akatazama nyuma yake, kwenye ukuta wenye kalenda ya mwaka jana na feni mbovu, na ngoma ya Chenge ikatoka palepale alipokuwa anatazama. Suzana alikuwa amesimama pembeni na mikono kifuani. Alikuwa amesubiri miaka kumi na minne kumwona mzee yule anageuka, na hatuna haja ya kumsafisha: utamu aliuona, na ulikuwa utamu kwelikweli.

Kisha mzee akainua kidole, kuomba wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anasema. Kule nyuma kelele za umati zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa zinasogea. Miguu, vigelegele, watoto, vyote vikatoka nyuma vikaja pande za kushoto na kulia, vikaja mbele, na nyuma yao ngoma ikaongeza kasi.

"Wanarudi," Jonathan alisema. "Mzee, watu wanarudi!"

"Anawaswaga," Ndalahwa alisema polepole. "Mwangalie mchungaji yule. Ng'ombe haumwiti kwa mbele, unamwendea nyuma. Amewaendea nyuma akawaswaga kuja kwangu."

Na hapo, mbele, sauti ya manju ikakatika.

Ngoma haikukatika. Ngoma ilikuwa inapiga nyuma, imechangamka, inasukuma watu. Sauti ndiyo iliyokatika. Umati ukasita. Ukabaki hapo kati kwa muda, pande za kushoto na kulia, kama unangoja jambo. Kisha vishindo vikaanza kurudi kule vilikotoka, vikaipita ngoma, vikaenda mbali kwa Wagika, na ngoma ikabaki peke yake uwanjani ikipiga mpaka dakika ya hamsini na sita, kamera ilipozimwa.

Suzana aliketi juu ya sabufa. Mara kumi alizosikiliza, hakuwa amelisikia hilo.

"Mzee," Jonathan alisema, "mbona ulinyamaza?"

"Rudisha," Ndalahwa alisema.

Suzana akarudisha. Walisikiliza mara tatu. Mara ya tatu mzee hakutazama kioo, aliinamisha kichwa akasikiliza kwa masikio tu.

"Nilisikia ngoma nyuma ya watu," alisema mwishowe. "Mimi mbele yangu sina ngoma, halafu nasikia ngoma inakuja kutoka nyuma ya watu. Nikajua Wagika wametuzunguka. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Nikafunga mdomo." Alivua kofia. "Nimeimba na ngoma ile miaka ishirini na sita. Ilipotoka upande nisiouzoea sikuijua."

Suzana alikuwa amejiandaa kwa siku hii. Alikuwa na maneno yake, mengine alikuwa ameyatunga tangu mwaka wa msiba. Sasa aliyatafuta akaona hayana pa kwenda. Jina la baba yake lilikuwa limesafishika, na mbele yake alikaa mzee mmoja aliyeshika kofia mkononi.

"VCD zilikuwa arobaini," Ndalahwa alisema. "Toa arobaini. Usikate popote."

"Mzee, vijana wataona," Jonathan alisema. "Mwezi wa sita huu tunashindana."

"Waone."

"Nikiwapa nakala watahitaji spika kama hizi, mzee," Suzana alisema. "La sivyo watasikia yaleyale ya zamani."

Ndalahwa alifikiri kidogo. "Basi waje hapa. Wakae kwenye kiti hiki mmoja mmoja, kuanzia wakubwa." Akavaa kofia. "Yuko wapi?"

"Kwangu. Kiseke."

Walikwenda na pikapu ya Jonathan, mzee amekaa katikati, na Suzana akielekeza kona. Chenge walimkuta barazani, ameweka ungo magotini, anabambua karanga. Aliwaona wakishuka mmoja baada ya mwingine. Hakusimama, kwa sababu ya moyo, lakini aliweka ungo chini.

"Mwadila, Chenge," Ndalahwa alisema, kwa salamu ya mchana ya kwao.

"Mwadila."

"Nimetoka kuisikiliza diski. Ulikuwa nyuma."

"Nilisema."

"Watu walikuwa wanarudi."

"Walikuwa wamefika nusu," Chenge alisema. "Nilikuwa naiona migongo yao."

"Mimi ndiye niliyenyamaza."

Chenge aliuchukua tena ungo wake. "Najua."

Suzana alikuwa anatoa viti. Akakiachia kiti alichokishika.

"Baba, ulijua?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa pale. Sauti ilikatika nikiisikia."

"Na hukusema? Miaka yote hii wanakuita mwoga, hukusema?"

"Ngoma haimsemi manju wake. Ukiingia kikundini unaapa hivyo kabla hujafundishwa pigo la kwanza. Muulize." Alibambua ganda moja, akala karanga. "Tena ningesema, nani angeniamini? Wangesema mwizi anamsingizia mwenye mali."

Hapo Suzana akakasirika. Hasira aliyomwekea Ndalahwa tangu zamani ilimgeukia baba yake, na ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Hakukumbuka moyo wala daktari.

"Mama alizikwa bila ngoma!" alisema. "Nilisimama pale natazama barabara, baba. Wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema, ukalitunza kwa sababu ya kiapo? Mama naye alikosa nini?"

Karanga za Chenge zilikuwa mkononi hazibambuliwi.

"Mama yako alikuwa mstari wa mbele siku ile," alisema. "Hatua tatu kutoka kwa huyu. Alimwona anafunga mdomo. Tuliporudi nyumbani aliniambia kabla sijamwambia. Akasema, tusimwaibishe Ndalahwa, yeye ndiye anayetuimbia. Na yeye aliapa, Suzana. Alipoanza kuumwa nilimwuliza, nikaseme? Akasema hapana."

Jonathan alikwenda kusimama karibu na gari. Ndalahwa alibaki palepale, kwenye ngazi ya baraza, hajakaribishwa kiti na hajakiomba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alipofungua kinywa, sauti ile ya uwanjani ilikuwa imekuwa ndogo.

"Kule Misungwi, kaburi lake liko upande gani wa nyumba?" aliuliza. "Mimi sikuja."

Jumamosi iliyofuata Wagalu walikusanyika Misungwi, kwenye mji wa Chenge, yaani nyumba yake ya zamani, watu thelathini na kitu, na tisa kati yao walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kile kiti cha Igogo. Ngoma kubwa ililetwa na Jonathan. Chenge hakuweza tena kuivaa kifuani, kwa hiyo wakamtafutia kigoda, wakataka kumweka mbele, karibu na kaburi, mahali pa heshima.

"Niwekeni nyuma," alisema.

Wakamweka nyuma ya watu wote. Ndalahwa alisimama mbele, uso wake kwenye kaburi la Rose, watu mgongoni kwake na ngoma mgongoni kwa watu. Akaanzisha wimbo peke yake. Aliimba ubeti mzima bila ngoma, na wengine wakaanza kutazamana, wakidhani mzee kule nyuma amechoka. Kisha Chenge akapiga.

Watu wote waligeuka. Ndalahwa hakugeuka. Sauti yake iliyumba pigo lile la kwanza, ikayumba na la pili, kisha ikasimama, ikaendelea, na akaimba mpaka mpiga ngoma mwenyewe alipotosheka, na Chenge siku ile hakutosheka mapema.

Suzana alikuwa amesimama palepale aliposimama mwaka wa msiba, upande wa chini wa kaburi, ambapo barabara inaonekana yote mpaka kwenye kona. Hakuitazama.